Unapiga RAW ya nini kama Jumatatu unaifuta?

Ukitaka kuwachokoza wapigapicha wawili hapa Fedha, huna haja ya kutaja siasa wala Gor na AFC. Waulize tu kama wao hupiga RAW au JPEG, kisha usogeze kiti. Mmoja atakwambia fotografa wa ukweli hapigi JPEG, hiyo ni ya watu wa simu. Mwingine atacheka na kukuonyesha M-Pesa: wateja wake wa Jumamosi wamepata picha na wamelipa, ilhali huyu wa RAW bado anangoja laptopu ya rafiki yake iwake.

Mimi naona wote wawili wanabishania kando. Hakuna anayekuwa fotografa zaidi ya mwenzake kwa sababu ya kitufe alichobonyeza kwenye menyu. Jambo la maana ni nani anayeamua picha itakaa vipi, anaamua lini, na kazi ikiisha unabaki na nini mkononi. Hilo la mwisho ndilo hatuliulizi, na kwa kijana wa Eastlands ambaye kamera ndiyo kibarua chake, ndilo lenye pesa na historia ndani yake.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu kamera yenyewe, maana wengi tunabishana bila kujua kinachotokea ndani. Ule mtambo unaopokea mwanga nyuma ya lenzi hauoni rangi. Unapima tu mwanga ni mwingi au mdogo. Juu ya kila kidoa kuna kichujio kidogo cha rangi: chekundu, kijani au bluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, akapata hataza yake mwaka wa 1976, na hadi leo kamera nyingi sana zinautumia. RAW ni zile hesabu za mwanga jinsi zilivyopimwa. Ndiyo maana ukiifungua inaonekana imepauka, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

JPEG ni kitu kingine. Hapo kamera inapika yenyewe. Inakisia nyeupe ni ipi, inaongeza kontrasti, inakolea rangi, inanoa kingo, halafu inaigawa picha kwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale inayodhani macho yako hayatayakosa. Kiwango hicho cha JPEG ni cha mwaka wa 1992, kwa hivyo huenda kimekuzidi umri. Kila rangi kwenye kila pikseli inapewa ngazi 256, kuanzia giza hadi mwanga. Kamera kama Canon 700D, ambayo wengi mtaani wanaanza nayo ikiwa ya mtumba, hupima ngazi 16,384 kabla ya kupika. Hiyo ni mara 64.

Fikiria unga na chapo. Unga wa ngano unaweza kuugeuza mandazi, chapati au keki, na ukibadilisha nia katikati ya njia hakuna atakayejua. Chapo ikishaungua upande mmoja, unaweza kuigeuza na kuificha kwenye ndengu, lakini hairudi unga.

Kabla mtetezi wa RAW hajaanza kupiga makofi, nimwambie kitu. RAW haiponyi picha isiyo na fokasi. Haiponyi mkono uliotetemeka wala bwana harusi aliyefumba macho. Na mwanga ukifurika kabisa, kwa mfano anga la saa saba mchana lililogeuka karatasi nyeupe, RAW nayo inafika mwisho. Inakupa nafasi ya kupumua, haikupi muujiza.

Sasa njoo chini ya hema, maana hapo ndipo ubishi huu unapata damu. Tuseme umepata kazi ya ruracio, nyuma ya ploti huko Tassia au shambani Kiambu. Hema limekodishwa na rangi yake ilichaguliwa na kamati bila kuuliza mtu wa kamera. Ni la zambarau. Jua la saa sita linapenya kitambaani na kila kitu kilicho chini yake kinakuwa zambarau: meza, keki, nywele za shosho, gauni jeupe la bibi harusi. Pembeni kuna taa za DJ zinazobadilika kila sekunde mbili. Kamera yako inatazama vurugu hiyo na kukisia nyeupe ni ipi. Ikikosea kwenye JPEG, makosa yameokwa ndani. Utajaribu kuondoa zambarau kwenye gauni, na nyuso zitageuka kijani. Kwenye RAW, ile dhana ya nyeupe ni kikaratasi tu kilichobandikwa juu ya faili. Unakibandua, unaweka kingine, na picha haijaumia popote.

Halafu kuna suala la ngozi zetu. Kipimo cha mwanga cha kamera kinadhani dunia, ukiichanganya yote, inatoa rangi ya kijivu ya wastani. Gauni kubwa jeupe likijaza fremu, kamera inasema huu mwanga umezidi, inaupunguza. Gauni linatulia, lakini sura za wajomba waliosimama nyuma zinazama gizani. Na gizani ndiko JPEG inakotunza habari chache zaidi. Ukizivuta zile sura zije juu, unapata ngozi ya majivu yenye mabaka na viboksi. Ukiwa na RAW, unawavuta wajomba na wanakuja wakiwa watu.

Hili si jambo dogo la kiufundi. Kwa miongo mingi maabara za picha duniani zilipima rangi kwa kadi iliyokuwa na picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ikiwa sura yake imetoka vizuri, mashine iko sawa. Kodak ilipoanza kuboresha filamu ili ionyeshe vizuri rangi za kahawia, malalamiko yaliyosikika zaidi yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani. Si mama zetu. Hata mwaka wa 2021 Google ilipotoa simu ya Pixel 6, iliona haja ya kutangaza teknolojia iliyoiita Real Tone ili ngozi nyeusi zionekane zilivyo. Kwa hivyo anayekwambia uiache kamera iamue yenyewe, anakwambia umwamini mhandisi ambaye pengine hajawahi kumpiga picha mjomba wako chini ya hema la zambarau.

Hapo nimewafurahisha watu wa RAW. Sasa tupige hesabu.

Kwenye hiyo 700D, picha moja ya RAW ina takriban MB 23.5. JPEG kubwa ya ubora wa juu ina kama MB 6.4. Ruracio moja hutoki na picha chini ya 800. Hiyo ni GB 18.8 za RAW au GB 5.1 za JPEG. Ukifanya kazi 40 kwa mwaka, RAW peke yake inakula GB 752. Hiyo ni karibu diski nzima ya terabaiti moja, na mtu mwenye akili anahitaji diski mbili. Bado hatujaongelea laptopu. Ile ya RAM ya GB 4 uliyonunua Luthuli itafungua picha tatu, ianze kupumua kama matatu ya 33 ikipanda mlima.

Na kuna kasi. Kamera hiyohiyo, ukiiwekea RAW na kushikilia kitufe, inachukua kama picha sita mfululizo kisha inasimama kuandika kwenye kadi. Kwa JPEG inazidi ishirini. Nenda upige mpira wa mtaani Jumapili kwa RAW. Kona itapigwa, kamera itakuwa ikiwaza, na bao litaingia ukiwa unatazama kitaa chekundu.

Kisha mteja mwenyewe. Mama aliyekuita kwa bathdei ya mtoto anataka picha 30 kwenye WhatsApp kabla hajalala, na WhatsApp itazibana hata ungezipiga kwa kamera ya setilaiti. Bei aliyolipa haijumuishi usiku wako mbili mbele ya skrini. Kwa kazi kama hiyo, na za pasipoti, viatu vya kuuza mtandaoni, nyumba za kupangisha, mpira, mimi nasema piga JPEG na usimwombe mtu radhi.

JPEG ina nidhamu yake, tena kali. Unalazimika kuweka mwanga sawa palepale. Beba karatasi nyeupe, uipige picha chini ya mwanga wa mahali hapo, uiambie kamera hii ndiyo nyeupe. Jifunze kusoma ile grafu ya mwanga kwenye skrini badala ya kuamini macho yako juani. Gauni jeupe likijaza fremu, ongeza mwanga wewe mwenyewe kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa. Anayejua mambo hayo matatu anamshinda yule anayepiga RAW ovyo akisema nitarekebisha nyumbani. Shirika la habari la Reuters, Novemba 2015, liliwaambia wapigapicha wake wa kujitegemea wasitume picha zilizotengenezwa kutoka RAW. Walitaka zilizotoka kwenye kamera zikiwa JPEG tayari, kwa sababu ya kasi na pia ili picha isichezewe. Hao si watu wa simu.

Basi msimamo wangu ni upi? Jiulize kitu kimoja kabla ya kubonyeza: hii itarudiwa? Viatu vitarudiwa. Pasipoti itarudiwa. Shosho akimshika mkono mkwe wake kwa mara ya kwanza, mazishi, maandamano barabarani, bibi harusi akishuka garini, hayo hayarudiwi, na mwanga wake huuamui wewe. Hapo piga RAW na JPEG pamoja, kamera nyingi zina chaguo hilo. Kwenye 700D kila picha itachukua kama MB 30. JPEG unamtumia mteja usiku huohuo, RAW inabaki kwa zile chache zitakazohitaji mkono wako. Wakianza kucheza nje kwenye jua safi, rudi kwenye JPEG pekee uokoe kadi. Kubadilisha ni sekunde tano, na hakuna sheria inayosema siku nzima iwe aina moja.

Na ile sababu ya kwamba programu za kuhariri ni ghali, hiyo wacha. Lightroom inalipiwa kila mwezi, ni kweli. Lakini darktable na RawTherapee ni za bure kabisa. Canon wana Digital Photo Professional yao, Nikon wana NX Studio, zote bure. Zile za wizi zinazouzwa kwa flashi mjini huja na virusi kama nyongeza.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Wengi wa wanaojigamba kwamba wanapiga RAW hawana hata faili moja ya mwaka jana. Kadi ni ya kukodi pamoja na kamera, inarudi Jumapili jioni. Au ni yao, lakini Ijumaa kuna kazi nyingine, kwa hivyo Jumatatu inafomatiwa. Kilichobaki ni JPEG zilizobanwa mara mbili, ziko kwenye chati ya mtu ambaye huenda amebadilisha simu. Ndugu yangu, ulisumbua kamera, ukasumbua laptopu, ukakesha, halafu ukatupa kitu pekee kilichofanya usumbufu huo uwe na maana. Afadhali yule wa JPEG, hakujidanganya.

Na usidhani unachotupa ni sherehe za watu tu. Taj Mall ilisimama hapo kwenye makutano ya Outering na North Airport Road, tukaizoea kama ukuta wa nyumbani. Ikabomolewa Septemba 2018. Outering yenyewe ilipanuliwa na sura yake ya zamani ikaondoka. Tafuta picha nzuri ya Taj, iliyo kubwa kuliko upana wa skrini ya simu, kutoka kwa rafiki zako waliopita hapo kila siku. Wengi watakutumia kitu chenye ukungu na maandishi ya mzaha juu yake.

Linganisha na Priya Ramrakha. Alikuwa kijana wa Nairobi, aliyezaliwa mwaka wa 1935, akapigia majarida ya Time na Life picha za kupigania uhuru Afrika. Aliuawa kwa risasi Oktoba 1968 akiwa kazini kwenye vita vya Biafra, Nigeria. Kazi yake nyingi ilikaa kwenye gereji hapa Nairobi kwa miongo mingi hadi jamaa yake wa kizazi cha baadaye alipoipata, na mwaka wa 2018 kikatoka kitabu. Hilo liliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kupata. Negativu huvumilia vumbi. RAW ni negativu yetu, ila haivumilii kufomatiwa, na diski haipendi kuangushwa kwenye stage.

Kuna upande wa haki yako pia, na hapa soma polepole. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda picha kwa miaka 50. Ukipiga nganya mpya ikitoka gereji, au jua likizama nyuma ya maghorofa ya Fedha, kwa hiari yako bila kutumwa na mtu, picha ni yako tangu ulipobonyeza. Siku moja unaiona kwenye bango la duka. Utathibitishaje? JPEG kila mtu anayo, ilisambaa. RAW ni wewe tu uliye nayo. Hata mashindano makubwa ya World Press Photo huwadai waliofika hatua za mwisho faili za awali ili kuhakikisha picha haikuchezewa. Unaweza pia kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki, ukitaka uwe na karatasi.

Ila picha ya kutumwa ni hadithi nyingine. Sheria hiyohiyo inasema kazi ukiagizwa na mteja, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wapigapicha wengi hawalijui hili na wanaendelea kusema picha ni zangu, nilipiga mimi. Kwa hivyo kabla ya deposit, andikeni: picha ngapi atapata, utaruhusiwa kuzitumia kwenye ukurasa wako au la, na RAW zinabaki kwa nani. Mteja akisema nipe zote, hata hizo RAW, mimi singempa kwa bei ileile. Hazijapikwa, atazipika vibaya, na jina litakaloharibika ni lako. Akizitaka sana zina bei yake, mwambie mapema, kwa heshima, si siku ya kukabidhi.

Utaniuliza GB 752 utaziweka wapi. Huhitaji zote. Nani aliwahi kurudia picha 800 za ruracio moja? Jumapili jioni, kabla kadi haijarudi, kaa chini uchague 40. Ile ya shosho. Ile ya wazee wakihesabu. Gauni likiwa limetandazwa. Picha 40 za MB 23.5 ni MB 940, hazifiki GB moja. Kazi 40 kwa mwaka ni GB 37.6. Hizo zinaingia kwenye flashi ya GB 64 na nafasi inabaki, uongeze za mtaa: stage asubuhi, kibanda cha chapo, ghorofa linaloinuka mbele ya dirisha lako na kuziba jua. Andika mwaka na mahali kwenye jina la folda, kwa sababu baada ya miaka mitano mahema yote ya zambarau yatafanana.

Nunua flashi mbili, uweke vitu vilevile kwenye zote. Moja kaa nayo. Ya pili mpelekee mama ocha akuwekee kabatini pamoja na vyeti vyako, na umwambie asimwachie mtu aichomeke kwenye TV kutazama sinema.